Mita Mbili za Waya

Mamba aliyeuchukua mkono wa kushoto wa mama mkubwa alipita kwenye pengo la mita mbili, katika uzio ambao hesabu yake niliipiga mimi. Ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka, na wanawake sita walikuwa ndani ya uzio wakijaza mitungi. Wote walikuwa wameupa mto mgongo. Zamani hakuna mwanamke wa kijiji chetu ambaye angethubutu kufanya hivyo. Siku hiyo waliuamini waya.

Mama mkubwa ni dada ya marehemu mama yangu, na ndiye aliyenilea. Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi ya kijiji kimoja kando ya mto Tana, upande wa Wema, ambako ukitaka msumari au dawa unapanda bodaboda hadi Garsen. Pampu ya kisima chetu hukaa siku nyingi imeharibika kuliko siku inazofanya kazi, kwa hiyo maji ya kunywa, ya kupikia na ya kufulia tunayatoa mtoni. Na mtoni kuna mamba. Watoto wetu wanalijua hilo kabla ya kujua kuhesabu.

Uzio wa mamba hujengwa ndani ya maji. Huanzia ukingoni, ukaingia mtoni, ukazunguka na kurudi ukingoni, ili anayechota asimame kwenye kipande cha mto kilichofungwa. Nilipokuwa mdogo ulijengwa kwa nguzo za mkoma, mti wa jamii ya mnazi, zilizobanana. Kila nyumba ilileta nguzo tatu au nne, kadiri ya watu wake, na uzio ulipata ukubwa wa kijiji kilivyokuwa mwaka huo. Zikija nguzo chache, uzio unakuwa mdogo na wanawake wanapanga foleni. Zikikaribia kwisha kabla ya kufika ukingoni, mtu anarudi nyuma, anakaza mzunguko, uzio unafunga. Hakuna aliyepima kitu, na sikumbuki hata mwaka mmoja ambao uzio ulibaki wazi. Ulijengwa kwa kilichopo.

Mikoma mizuri ikaadimika. Kikundi cha wanawake kikapata msaada wa kununua waya wa matundu, ule unaouzwa kwa mita, na mwenye duka Garsen akataka kuambiwa mita ngapi. Mwenyekiti wa kikundi akaja shuleni wakati wa mapumziko, akasimama mlangoni mwa darasa bila kuingia.

"Mwalimu, wewe ndiye mwenye vitabu. Tuambie mita ngapi."

"Mnataka uwe mkubwa kiasi gani?"

"Watu sita wasigongane mitungi. Na usiwe na kona, kona hunasa takataka, maji yakija kwa nguvu yanaung'oa."

Nikachora kwenye daftari langu umbo ambalo nimelichora ubaoni kila mwaka: mstatili uliounganishwa na nusu duara. Pande mbili zilizonyooka zinatoka ukingoni kuingia majini, mita nne kila moja, na umbali kati yake ni mita saba. Mwisho wake zinaunganishwa na nusu duara yenye kipenyo cha mita saba hizo hizo. Wanafunzi wengi hukosea hapa kwa kujumlisha ule mstari wa ndani unaotenganisha mstatili na nusu duara, mstari ambao kwenye uzio haupo. Sikuujumlisha. Sikuujumlisha pia upande wa ukingoni, kwa kuwa huko ndiko wanawake wanakoingilia. Duara zima la kipenyo cha saba lina mzingo wa mita ishirini na mbili. Nusu yake ni kumi na moja. Kumi na moja, na nne, na nne. Kumi na tisa. Nikaandika nambari hiyo kwenye karatasi na kumpa.

Upana wa saba niliuchagua kwa sababu ambayo nimeona aibu kuisema hadi leo. Ishirini na mbili juu ya saba, ile pai ya shuleni, hukatika vizuri na saba. Vitabu vya hesabu hupenda saba na kumi na nne, nami nimekaa navyo miaka mingi.

Siku ya ujenzi ilikuwa siku ya shule, kwa hiyo sikuwepo. Ninayoyaandika hapa nimesimuliwa na watu wanne, kila mmoja kwa wakati wake. Nilikuwa nimewaeleza wajenzi jinsi ya kupata nusu duara: kigingi katikati, kamba ya mita tatu na nusu, kisha unazunguka na ncha ya kamba ukichomeka nguzo. Shambani ni kazi ya dakika kumi. Ndani ya mto, hakuna aliyetaka kukaa muda wote huo akipigilia kigingi ambacho baadaye kingeng'olewa. Wakaamua mtu ndiye awe kigingi.

Aliyekubali ni mvushaji wetu, mtu mrefu aliyehamia hapa na familia yake kutoka kusini, mwenye mtumbwi wa kuvushia watu na baiskeli kwenda mashamba ya ng'ambo. Alisimama majini, maji yakimfika kiunoni, kamba imefungwa tumboni mwake. Wanaume wawili walikuwa ndani ya mtumbwi na ncha ya kamba, wakishindilia nguzo. Wengine walipiga maji kwa miti kufukuza mamba.

"Kigingi, uko hai?" walimwita.

"Niko hai, lakini kuna kitu kinanipapasa mguu!"

"Huyo ni kambare, anakuposa!"

Walicheka, wakaendelea. Alisimama hivyo kwa muda ambao mmoja alisema ni saa moja na mwingine akasema ni mbili.

Nilifika saa kumi jioni. Waya ulikuwa umefungwa kuanzia mwanzo wa uzio, upande maji yanakotokea, ukazunguka vizuri hadi upande wa chini, na hapo ulikuwa umekwisha kabla ya nguzo ya mwisho. Nilipima kwa utepe: mita mbili. Walikuwa wameziba kwa matawi ya mathenge, yenye miiba mirefu kama kidole.

"Kesho tutajua la kufanya," mwenyekiti alisema.

Nikajibu, "Nitatafuta kipande Garsen mwisho wa mwezi."

Mwisho wa mwezi ulipita. Mvua ilinyesha huko juu, mto ukapanda, ukashuka, ukapanda tena. Nilipita pale mara nyingi nikienda shule. Niliona matawi yakipungua. Hili halihitaji uchunguzi wowote, na lawama yake ni yangu.

Siku ya mamba, mama mkubwa alikuwa akisuuza mtungi wa mwisho. Waliokuwa naye wanasema hakupiga kelele. Waliopiga kelele ni wao. Walimvuta kwa miguu, mamba akamvuta kwa mkono, na mkono ndio uliokubali. Walimfunga leso tatu na kumpandisha bodaboda, mmoja akimshika kwa nyuma, hadi Garsen, na kutoka Garsen akapelekwa mbali zaidi. Alirudi baada ya wiki kadhaa, kigutu cha mkono kimeshonwa juu kidogo ya kiwiko, akaomba apewe jembe aone kama atalimudu. Hakulimudu.

Kijiji kikatafuta sababu, na kiliipata haraka. Nambari ilitoka kwa mwalimu, na mwalimu ana vitabu. Waya ulipimwa dukani mbele ya wanawake watatu, mita baada ya mita, wakihesabu kwa sauti. Aliyebaki ni mtu aliyekuwa kigingi. Wakasema alisogea.

Kwa hesabu, lawama hiyo ilikuwa na maana. Chini ya mto pale kuna tope linaloteremka kuelekea kwenye kina. Mtu anayesimama juu yake muda mrefu anaweza kuteleza kidogo kidogo bila kujua. Kitovu kikisogea kwenda kwenye kina, nusu duara inarefuka kama yai. Nimelikokotoa: kusogea kwa mita moja na robo hivi kunatosha kula mita mbili za waya.

Wanawake wakaacha kupanda mtumbwi wake. Walipokwenda kwenye mahindi na mpunga wao ng'ambo, walitembea nusu saa hadi kivuko cha juu. Vijana walioendelea kuupanda mtumbwi waliupanda kwa mzaha.

"Mzee, leo utatufikisha ng'ambo au utasogea nasi hadi Kipini, baharini?"

Alikuja kwangu Jumapili moja alasiri. Hakukubali kiti.

"Mwalimu, mimi sikusogea."

"Nani amesema ulisogea?"

"Usiniulize hivyo. Unajua ni nani. Ni wote. Mke wangu anauza ndizi, hazinunuliwi. Nimesimama kwenye maji ya mamba kwa ajili ya wanawake wa hapa, bila hata chai. Nenda barazani useme sikusogea. Wewe ukisema wataamini."

"Siwezi kusema nisilolijua, ndugu yangu. Sikuwepo."

"Na hesabu yako unaijua?"

Nilimletea daftari. Aliutazama mchoro kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole pale ambapo mstari ulionyooka unaanzia.

"Hapa ni wapi?"

"Ukingoni."

"Ukingoni wapi? Kwenye maji au kwenye mchanga?"

"Kwenye maji. Maji yanapoanzia."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia habari ya msiba wa mtu wa mbali, akaaga. Nilimsindikiza hadi njiani. Niliporudi ndani ndipo nilipoelewa alichonionyesha, na nadhani hata yeye hakujua amenionyesha nini.

Mamba hutembea nchi kavu. Ndiyo maana katika uzio wa zamani nguzo ya kwanza na ya mwisho hazikukaa majini. Zilikaa mchangani, hatua moja kubwa kutoka kwenye maji, ili mamba asizunguke na kuingilia ukingoni. Kila mtu aliyekulia hapa anajua, na mimi nimekulia hapa. Lakini nilipochora, nilichora kama kitabu, na umbo la kitabu linaishia kwenye mstari. Kama wajenzi walifuata desturi na kuanzia mchangani, waya ulikula mita moja ya nchi kavu upande wa juu, na ungehitaji mita nyingine moja upande wa chini. Mita mbili kamili. Basi mvushaji hakusogea, na mkono wa mama mkubwa umekwenda kwa sababu yangu.

Kila kitu sasa kilitegemea swali moja: siku ile, nguzo ya kwanza iliwekwa majini au mchangani? Nilianza kuuliza, na nikaandika majibu kwenye daftari lile lile. Mmoja wa waliokuwa mtumbwini alisema mchangani, "kama kawaida." Mwenzake alisema majini, kwa sababu mchoro wa mwalimu ulisema hivyo. Mwenyekiti hakukumbuka. Nikamuuliza mama mkubwa, aliyekuwa ameketi akichambua mboga, bakuli amelibana kwa magoti.

"Mimi siku hiyo nilikuwa jikoni nikiwapikia. Niulize nani alikula sahani mbili, nitakwambia."

"Ni jambo la maana, mama mkubwa."

"La maana kwa nani? Ukijua, mkono utaota?"

Alinyanyua bakuli, likamponyoka, mboga zikamwagika chini. Nikainama kuziokota, akanizuia kwa mguu.

"Ziache. Lazima nijifunze."

Niliuliza pia maji yalimfika mvushaji wapi mwishoni mwa kazi. Watatu walisema kifuani. Mwanzoni yalikuwa kiunoni, kwa hiyo nilidhani nimepata ushahidi kwamba aliteleza kwenda kwenye kina. Kisha nikakumbuka kwamba Tana inaweza kupanda mchana mmoja, jua likiwaka kwetu, kwa mvua iliyonyesha siku kadhaa nyuma huko bara. Kama mto ulipanda, maji yalimfika kifuani akiwa amesimama pale pale.

Kiangazi kilipofika nilishuka mtoni na utepe, vijana wanne wakinilinda kwa miti. Mafuriko yalikuwa yameuchukua waya pamoja na nguzo zote za nusu duara, zile ambazo zingesema kama kitovu kilisogea. Zilibaki tatu za upande wa juu ulionyooka, na zilikuwa zimenyooka. Ukingo nao ulikuwa umemegwa. Mahali palipokuwa mchanga siku ya ujenzi sasa ni maji, na nguzo tatu zilisimama peke yake, mbali na nchi kavu, bila kuonyesha mwanzo ulikuwa wapi. Nilipima nilichoweza kupima. Nilirudi na nambari zisizosaidia.

Baraza lilifanyika katika darasa la saba, kwa kuwa ndilo lenye ubao mzuri. Mvushaji alikaa nyuma kabisa, kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yamefika kifuani. Nilichora maumbo mawili. La kwanza lilikuwa na nusu duara iliyorefuka, la pili lilikuwa na vipande viwili vya nchi kavu. Nilieleza polepole kwamba yote mawili yanaleta upungufu ule ule, kwamba la kwanza ni kosa la aliyesimama na la pili ni kosa la aliyechora, na kwamba sina njia ya kujua ni lipi.

"Kwa hivyo ni nani?" mzee mmoja aliuliza.

"Sijui."

"Mwalimu ana huruma," mwanamke mmoja alisema kwa sauti ya chini, na watu wakacheka kwa upole. "Hataki kumwaibisha mwenzake."

"Sisemi kwa huruma. Huenda ni mimi."

"Tumesikia, mwalimu. Kaa."

Nilipogeuka kufuta ubao, dawati la nyuma lilikuwa tupu. Wiki hiyo hiyo mvushaji alipakia sufuria, magodoro na mkewe kwenye mtumbwi, akateremka nao hadi Chara. Kivuko chetu hakina mtu tangu hapo.

Kikundi cha wanawake kimepata waya mpya. Waliniomba nambari, nikawapa ishirini na mbili: kumi na tisa za zamani, mbili za nchi kavu, moja ya akiba. Mwenyekiti aliitazama karatasi.

"Safari hii umeweka mchanga."

"Nimeweka."

"Kwa hivyo mara ya kwanza uliusahau."

"Niliusahau. Kama ndio ulioleta pengo, hapo ndipo sijui."

Alikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la leso.

Waya huo uko stoo ya shule, haujafunguliwa. Nguzo zipo. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama katikati. Wanaume wanasema hawataki kuja kuitwa wauaji. Wanawake wanachota kwenye ukingo ulio wazi, wawili wakichota na mmoja akitazama maji. Mama mkubwa ndiye mtazamaji wa asubuhi. Anasema kazi hiyo haihitaji mikono.

Mwezi uliopita nilipata nambari ya simu ya mvushaji kwa mtu anayeleta samaki kutoka Chara. Nilikuwa nimemuuliza kila mtu isipokuwa yeye. Siku alipokuja kwangu nililielewa swali lake alipokwisha kuondoka, kwa hiyo sikumrudishia. Alipopokea, nyuma yake kulikuwa na kelele za watu na mbuzi.

"Mwalimu! Habari za huko? Mama mkubwa hajambo?"

"Hajambo. Nina swali moja, ndugu yangu. Nguzo ya kwanza siku ile, upande wa juu. Ilikuwa majini au mchangani?"

Nilitaka aseme mchangani. Nilikuwa tayari. Ningeipeleka kauli yake barazani pamoja na daftari langu, na ningesema kosa ni langu, na labda angerudi.

"Majini," alisema bila kufikiri. "Niliishika mimi wakiipigilia, kabla sijafungwa kamba. Maji yalinifika kwenye vifundo. Niliwaambia tuanzie mchangani, wakasema mwalimu amechora maji."

"Una hakika?"

"Kabisa. Na ya mwisho pia tuliiweka majini, zifanane."

Nilifungua daftari kwenye ukurasa wa mchoro.

"Mwalimu, uko?"

"Niko. Unajua kwamba kama zote mbili zilikuwa majini, basi..."

"Basi nini?"

"Basi inabaki kwamba ulisogea."

Mbuzi alilia karibu na simu. Alimfukuza kwanza.

"Sikusogea," alisema. Sauti yake haikupanda. "Umeniuliza nguzo, nimekwambia nguzo. Ukiniuliza miguu yangu, nakwambia haikusogea. Wamejenga?"

"Bado."

"Wajenge. Mvua imekaribia."

Kauli yake nimeiandika chini ya zile nyingine, na sijamsomea mtu yeyote. Mwenye duka anasema waya wake ulikuwa kumi na tisa, na wanawake watatu wanamshuhudia. Mzingo ni kumi na tisa. Nimeukokotoa upya mara nyingi. Mvushaji anasema nguzo zilikuwa majini, na kwamba miguu yake haikusogea. Kwa maneno hayo yote, uzio ule ulitakiwa kufunga.